WIMBO UNAOFUNGUA GEREZA

Masomo: Matendo ya Mitume 16:25-34; Yakobo 3:9-10



Habari ya Paulo na Sila mnaijua. Walipigwa fimbo, wakafungwa miguu kwa mkatale, na usiku wa manane wakaomba na kumwimbia Mungu. Nchi ikatetemeka, milango ikafunguka. Mara nyingi tunahubiri mpaka hapo na kusema Amina. Leo tuendelee mpaka mstari wa 28. Mlinzi wa gereza alichomoa upanga ajiue, na Paulo akapaza sauti kumzuia. Wale walioimba hawakumwacha aliyewafunga afe. Usiku uleule aliwaosha majeraha, wakala mezani pake. Wimbo unaotoka kwa Mungu humfungua mfungwa, na mlinzi wa gereza naye anapona.

Nchi yetu imeyaona hayo. Mwaka 1921, huko Nkamba, Kongo ya Chini, Simon Kimbangu alihubiri, na watu wakaacha mashamba ya wazungu na kazi zao kwenda kumsikiliza. Walikwenda wakiimba. Hawakuwa na bunduki. Serikali ya Wabelgiji ikaogopa, ikatuma askari. Kimbangu alijificha kwa muda, kisha mwezi wa Septemba akajitoa mwenyewe mikononi mwao. Alihukumiwa kufa, na mfalme akaibadili hukumu iwe kifungo cha maisha. Alikaa gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, miaka 30, akafia huko tarehe 12 Oktoba 1951. Waumini wake wengi walihamishwa mbali, na nyimbo wakazibeba. Hatukubaliani na mafundisho yote ya kanisa lililotoka kwake, lakini jambo hili ni kweli: serikali iliufunga mwili, wimbo ukabaki nje.

Tena sisi tuliokimbilia Tanzania tunaujua wimbo wa taifa lao. Muziki wake ulitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misioni Afrika Kusini. Wimbo wa kumwomba Mungu ukawa wimbo wa watu wanaodai uhuru.

Halafu mwaka 1960. Viongozi wa Kongo waliitwa Bruxelles, katika mkutano wa Table Ronde. Joseph Kabasele, aliyeitwa Grand Kallé, na kundi lake African Jazz walikuwa huko kupiga muziki. Tarehe ya uhuru ilipowekwa, 30 Juni, wakatoa "Indépendance Cha Cha". Ni wimbo wa dunia, hatuuimbi kanisani. Lakini tuangalie alichofanya Kabasele. Aliwataja pamoja viongozi waliokuwa wakipingana: Kasavubu, Lumumba, Bolikango, Kalonji, Tshombe. Redio ikaupeleka wimbo Kongo nzima na nchi nyingine za Afrika. Asiyeweza kusoma gazeti akasikia kwamba hao wote ni watu wa uhuru mmoja.

Kisha ikawaje? Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe akaitenga Katanga. Mwezi wa Agosti Kalonji akaitenga Kasai ya Kusini. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba akauawa huko Katanga. Mwaka haukutimia tangu wimbo ule uimbwe. Majina yalikaa pamoja katika muziki, wenye majina wakashindwa kukaa pamoja katika nchi. Wimbo haukukosea. Ni neno la Isaya 29:13: midomo ilikuwa karibu, mioyo ikawa mbali.

Sasa tuje kwetu. Siku moja kwaya ya vijana ilileta wimbo mpya. Gita lilikuwa tamu, watu wakasimama, vitambaa vikapepea. Katika ubeti wa tatu, maadui wa Daudi walipewa jina la dharau ambalo huku kwetu huitwa kabila la jirani. Sisi wachungaji tulisikia. Tukanyamaza, kwa kuwa watu walikuwa wamefurahi. Mama mmoja wa kabila hilo, aliyekuwa akifagia kanisa kila Jumamosi, akabeba mtoto wake akatoka. Tulikwenda kwake baada ya majuma mawili. Nyumba ilikuwa imefungwa. Mpaka leo hatujui alikokwenda. Dhambi hiyo ni yetu, tunaiungama mbele yenu.

Wapendwa, kabla kijana hajapelekwa porini kushika silaha, kwanza amefundishwa kuimba. Anaimba kwamba jirani si mtu, na baada ya hapo bunduki haimlemei mkononi. Yakobo anasema kinywa kimoja kisitoe baraka na laana.

Kwa hiyo tufanye hivi. Viongozi wa kwaya, someni maneno ya wimbo mbele ya wazee kabla ya Jumapili, na mjiulize: jirani wa kabila lingine akiketi benchi la mbele, ataweza kuuimba pamoja nasi? Akina mama, sikilizeni watoto wanaimba nini wakienda mtoni. Wachungaji, tusinyamaze tena kwa sababu muziki ni mtamu. Mbembe, Mnyamulenge, Mbuyu, Mfuliru, kila mmoja aanze na wimbo wa nyumbani mwake.

Tarehe 30 Juni tutaimba tena uhuru. Tuimbe kama Paulo, ambaye mlango ulifunguka naye akamwita mlinzi aishi.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe nyimbo tulizoacha zipite. Mrudishe mama yetu, popote alipo. Safisha vinywa vyetu na mioyo yetu, tukuimbie pamoja na jirani zetu. Katika jina la Yesu, Amina.