Majani Kwanza, Ng'ombe Baadaye

(Hotuba ya mwanachama mstaafu mbele ya mkutano wa tawi. Yachapishwa hapa kwa ombi la wanachama.)

 

Sisi tulio hapa ni watu wa majani. Tangu alfajiri mikono yetu imo katika chai, na hakuna asiyejua majani mawili na chipukizi lake. Tena wengi wenu mmekata yale majani marefu ya Guatemala, yanayopandwa mahali palipong'olewa chai kuukuu ili udongo upumzike, kisha yakatandazwa chini ya chai changa. Leo nimeombwa niseme juu ya ndugu yake, yaani nepia, chakula cha ng'ombe.

Labda mtu atauliza: Je, nepia yahusu nini chama cha wafanyakazi? Nitamjibu. Mwezi wa Mei mwaka 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto hapa Kericho, na sababu mwaijua. Shauri la mashine ni la chama na waajiri mezani, nami sitaliingilia leo. Lakini iwe kwa mashine, iwe kwa uzee, kila mmoja wetu ataliacha shamba la chai siku moja. Na wengi wetu tukiisha kupokea malipo yetu ya mwisho, jambo la kwanza tufanyalo ni kununua ng'ombe wa gredi. Hapo ndipo hasara huanza. Najua, maana mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilinunua ng'ombe mwenye mimba mwezi wa Januari. Nyumbani nilikuwa na mstari mmoja tu wa nepia kando ya ua. Kwa wiki mbili ukaisha. Ilikuwa kiangazi, na kila asubuhi nikawa nanunua mzigo wa majani kwa jirani, leo bei hii, kesho imepanda. Ng'ombe akazaa, lakini maziwa yakawa ya kumtosha ndama tu. Mwezi wa Machi nilimwuza kwa chini ya nusu ya bei niliyonunulia. Wiki iliyofuata mvua ikanyesha, nepia ikaota vizuri sana, na wa kuila hayupo. Mama watoto hakunilaumu. Aliniambia neno moja tu: "Baba watoto, ulinunua mdomo kabla ya chakula."

Basi ndugu zangu, msifanye kama mimi. Sikilizeni jinsi ya kufanya.

Kwanza, mbegu. Nepia haipandwi kwa punje. Hupandwa kwa vipande vya mabua yaliyokomaa, vyenye vifundo vitatu, au kwa mashina yaliyogawanywa. Kipande hulazwa mshazari, vifundo viwili vikiwa chini ya udongo na kimoja juu. Panda mvua inapoanza kunyesha sawasawa.

Pili, shimo. Njia iitwayo tumbukiza yafaa sana kwa mtu mwenye kipande kidogo cha ardhi. Chimba shimo la futi mbili kwa upana na futi mbili kwenda chini. Udongo wa juu uweke upande mmoja, na ule wa chini upande mwingine. Changanya udongo wa juu na debe moja au mawili ya samadi iliyooza, urudishe shimoni, lakini usijaze mpaka juu. Acha kama upana wa kiganja ili maji ya mvua yatulie humo. Panda vipande vitano hadi kumi katika kila shimo. Penye mteremko, mistari ikate mteremko, isishuke nao. Hivyo nepia itakulishia ng'ombe na itazuia udongo usiende mtoni.

Tatu, kukata. Mara ya kwanza ngoja miezi mitatu au minne, majani yafike kifuani. Baadaye kata kila baada ya wiki sita hadi nane. Ukikata mapema mno, mizizi hudhoofika na majani huwa maji matupu. Ukichelewa, mabua huwa magumu kama kuni na ng'ombe huyaacha. Bakiza kisiki cha urefu wa kiganja kutoka chini. Kila ukiisha kukata, palilia na urudishe samadi shimoni. Nepia ni mlaji mkubwa. Ukichukua bila kurudisha, baada ya miaka michache shina litabaki jina tu.

Nne, ugonjwa. Hapa nataka akina mama wanisikilize sana, maana ndio washikao panga kila siku. Tangu miaka ya 1990 magonjwa mawili yameiharibu nepia ya Kenya. La kwanza ni udumavu: shina lililokatwa huchipua majani mengi madogo ya manjano, yamejikusanya kama ufagio, na hayarefuki tena. Huenezwa na mdudu mdogo arukaye jani hata jani, na pia hueneza sisi wenyewe kwa vipande vya kupanda. La pili ni ugonjwa wa masizi: nepia hutoa maua kabla ya wakati, nayo ni meusi, yamejaa unga kama wa chungu cha jikoni. Yote mawili hayana dawa ya kupuliza. Ng'oa shina lote na mizizi yake, ulichome, na panga lako ulisafishe. Watafiti wametoa aina ziitwazo Kakamega 1 na Kakamega 2, ambazo huvumilia masizi. Waulizeni maafisa wa kilimo wa kaunti. Na jirani akikupa vipande bure, shukuru, lakini kwanza uende ukalitazame shamba lake mara baada ya kukatwa, majani yanapochipua. Hapo ndipo udumavu hauwezi kujificha.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu mfanyakazi asiyejua hesabu huliwa. Ng'ombe mmoja mkubwa wa maziwa ahitaji kama kilo 70 za nepia mbichi kwa siku. Kata shimo lako moja, pima kwa mizani kama tunavyopima chai. Tuseme umepata kilo tatu na nusu. Basi utakata mashimo 20 kila siku. Ukingoja wiki nane ndipo urudi penye shimo la kwanza, hizo ni siku 56. Mara 20, ni mashimo 1,120. Hayo huchukua zaidi kidogo ya nusu eka. Haya basi: mtu akichimba mashimo 10 kila wiki siku ya mapumziko, atamaliza baada ya wiki 112, yaani miaka miwili na zaidi. Mnaona? Kazi ya majani huanza miaka miwili kabla ya kustaafu, si siku ya kupokea hundi.

Lakini watu 14 wa tawi moja wakienda kwa mwenzao, kila mmoja achimbe mashimo manane, ni 112 kwa siku. Siku 10 kazi imekwisha, na zamu ni ya mwingine. Umoja ni nguvu hata kwa jembe.

Jambo la mwisho ni kiangazi. Kericho mjini ni kama meta 2,000 juu ya bahari. Baridi huchelewesha nepia kidogo, lakini mvua twaipata. Ndugu zetu wa Chepalungu wana joto zaidi na mvua haba zaidi. Kote kuwili Januari na Februari ni miezi ya shida. Kwa hiyo majani yanayozidi wakati wa mvua yakatekate madogo, yanyunyizie molasi iliyochanganywa na maji, yashindilie ndani ya shimo lililotandikwa karatasi ya nailoni mpaka hewa yote itoke, kisha yafunike kabisa. Yatakaa miezi mingi. Akiba haiozi. Na penye nafasi panda desmodiamu kati ya mistari. Hulisha udongo na huongeza maziwa.

Ndugu zangu, sikusema haya ili tusahau mshahara. Nepia si badala ya mshahara, wala mwajiri asiseme, "Nendeni mkafuge." Haki yetu tutaidai kama siku zote. Lakini nataka mwanachama atakayetoka shambani aende nyumbani akute chakula cha ng'ombe kimesimama tayari kinamngoja.

Mimi nilichimba mashimo yangu baada ya hasara. Sasa nina ng'ombe wawili. Anayetaka vipande vya nepia na aje nyumbani, lakini aje kwanza alitazame shamba langu.