Harufu Iliyotoka Chini ya Boneti

  Wewe uliyeketi jikoni ukingojea ugali uive, na wewe uliye safarini, karibu tuzungumze kwa dakika chache. Leo nataka kuwaeleza habari za gari langu. Najua si wote mlio na gari. Lakini hata asiye na gari hupanda matatu, na pua anayo.

Gari lenyewe ni dogo na la zamani. Nililinunua likiwa limekwisha kutumiwa na wengine, nami nalipenda kama mtu apendavyo punda wake. Siku moja mwaka juzi tulikuwa tukitoka Naivasha kurudi Nairobi, mimi, mke wangu, watoto wawili na mama mkwe. Tulifuata ile barabara ya chini ipitayo Mai Mahiu. Wengi wenu mnaijua. Ilijengwa na wafungwa wa vita Waitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na kando yake lipo kanisa lao dogo walilolijenga mwaka 1942. Hapo barabara hupanda ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Malori hupanda pole pole kama vinyonga, na gari dogo likiwa nyuma yao halina budi kwenda kwa gia ya pili.

Tulipofika katikati ya mlima mke wangu akasema, "Baba watoto, nasikia harufu ya kitu kinachoungua."

Nikamjibu upesi, "Ni hilo lori lililo mbele yetu. Breki zake zimepata moto."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini lori linapanda. Breki za nini?"

Sikumjibu. Mama mkwe akateremsha kioo, akatazama nje.

Wasikilizaji, hapa sina budi kusema kweli, maana kipindi hiki hakina faida ikiwa msemaji anajificha. Nilijua. Kwa muda wa miezi mitatu nilikuwa nimeona doa jeusi mahali ninapoegesha gari nyumbani. Mwanzo lilikuwa kama sarafu, baadaye kama kisahani. Jumapili moja nililiacha doa la namna hiyo mbele ya nyumba ya mzee mmoja wa kanisa, juu ya saruji aliyoimwaga majuma machache tu yaliyopita. Nilitazama huku na huku, nikachota mchanga, nikalifunika. Na nyumbani nilifanya vivyo hivyo. Kisha kila Jumamosi usiku niliongeza oili katika injini kwa siri kama mwizi, ili mke wangu asiniulize fedha za oili zinatoka wapi.

Basi tulipofika juu, moshi wa kijivu ulianza kupenya kando ya boneti. Nilisimama kando ya barabara, nikazima injini, nikawaambia wote washuke. Mama mkwe alisimama nyasini, mjukuu mmoja mgongoni na mwingine kamshika mkono, akinitazama. Hakusema neno hata moja. Afadhali angalisema.

Tulingoja kwa kitambo. Mtu asikimbilie kufungua boneti kwa nguvu penye moshi mwingi, kwa sababu kama chini yake mna moto, hewa inayoingia ghafula huukuza. Moshi ulipopungua nilifungua. Oili ilikuwa imetiririka ubavuni mwa injini mpaka juu ya bomba la ekzosi, na hapo ndipo ilipokuwa ikikaangwa. Mpate kujua hatari yake: oili ya injini ikifikia joto la digrii 200 na zaidi kidogo za sentigredi, mvuke wake waweza kushika moto ukipata cheche. Na ekzosi ya gari lenye mzigo, likipanda mlima, hupita joto hilo kwa mbali. Na mimi nilikuwa nimewapakia watoto juu yake.

Nikachomoa kile kijiti cha kupimia oili. Kikatoka kikavu. Nikastaajabu, kwa maana ile taa nyekundu ya oili haikuwa imewaka. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba taa ile haisemi habari za wingi wa oili, bali za nguvu ya msukumo wake ndani ya injini. Ikiwaka ukiwa njiani, zima injini papo hapo, usiseme utafika kwanza kituo cha petroli. Anayetaka kujua wingi wa oili atumie kijiti: gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa kwa dakika chache, ufute kijiti, ukirudishe, ndipo usome. Katika magari mengi madogo, kutoka alama ya chini mpaka ya juu ni kama lita moja.

Nilikuwa na kopo moja nyuma, nikalimimina lote. Tukafika nyumbani kwa rehema za Mungu.

Sasa ndipo ilipoanza safari ya mafundi. Wa kwanza aliinama, akaona sampu imelowa chini, akasema gasketi ya sampu imekufa. Nikalipa. Juma moja halikupita, harufu ikarudi. Wa pili akasema la, ni gasketi ya tapeti kava, yaani kile kifuniko cha juu ya injini. Akatia mpya, akaipaka silikoni nyingi kama mtu anayepaka siagi mkate wa wageni, na akakaza bolti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hiyo ilikaa majuma mawili. Nilianza kufikiri kuliuza gari kwa mtu asiye na pua.

Rafiki yangu akanipeleka kwa mzee mmoja afanyaye kazi chini ya mti, na vijana wawili wa kumsaidia. Mzee huyu hakushika spana. Aliketi juu ya gurudumu kuukuu, akaanza kuniuliza. "Mwalimu, moshi watoka nyuma, kwenye bomba, au mbele, kwenye boneti?" Nikasema mbele. "Vema. Ungetoka nyuma, tena wa buluu, ningejua oili yaungua ndani. Na harufu huja wakati gani?" Nikasema wakati wa kupanda mlima, na wakati wa kusimama kwenye taa za barabarani. "Tena ni harufu gani?"

Swali hili la mwisho lilinishangaza, lakini kumbe harufu zina majina yake. Maji ya redieta yenye dawa hunukia utamu utamu. Klachi inayoungua na breki zilizopata moto huwa na ukali unaochoma pua. Waya za umeme hunuka plastiki, na hiyo usiichezee kamwe, zima gari. Oili juu ya ekzosi hunuka kama kikaango kilichosahauliwa mekoni. Hata matone chini ya gari yana rangi zake: oili ya injini ni kahawia au nyeusi, ile ya gia za otomatiki mara nyingi huwa nyekundu, na maji matupu mara nyingi hutoka kwenye kipoza hewa tu. Weka kipande cha katoni chini ya gari usiku, asubuhi utasoma kama gazeti.

Mzee akasema, "Sasa tuioshe." Injini ikiwa baridi kabisa, vijana wakafunika plagi na waya kwa karatasi za nailoni, wakasugua ule uchafu wote kwa brashi na sabuni, wakasuuza kwa maji kidogo. Mimi nilikuwa na haraka. Nikamwambia, "Mzee, mimi sikuja kuoshewa injini." Akanijibu bila kukasirika, "Mwalimu, hapa palipolowa pote, nitajuaje palipoanza?"

Ilipokauka, akachukua poda ya watoto, akainyunyiza ubavuni mwa injini mpaka ikawa nyeupe. Akanituma niendeshe dakika 15 na kurudi. Niliporudi akawasha tochi na kunionyesha. Juu ya weupe ule palikuwa na mstari mwembamba mweusi, ukianzia kwenye pembe ya tapeti kava na kushuka moja kwa moja mpaka ekzosi. Akasema oili hushuka, haipandi, na upepo wa safari huisukuma nyuma. Kwa hiyo fundi hatafuti mahali palipolowa kuliko pote, bali hutafuta mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa palipolowa. Ile sampu ya fundi wa kwanza ilikuwa inapokea tu ya wengine.

Nikasema, "Lakini mzee, gasketi hiyo ni mpya."

"Naona ni mpya," akasema. "Nataka kujua ni nani anayeisukuma."

Akawasha injini, akafungua kifuniko cha kutilia oili, akaweka juu ya tundu kipande cha karatasi ya nailoni. Karatasi ikavimba kama shavu la mpiga tarumbeta. Akazima injini, akachomoa bomba dogo la mpira ambalo nilikuwa sijapata kuliona tangu ninunue gari. Ndani yake mlikuwa na kitu cheusi kama uji ulioganda.

Alinieleza kwa subira, nami nawaeleza ninyi. Katika kila injini, hata iliyo mpya, hewa kidogo ya mlipuko hupenya kando ya pistoni na kushuka chini palipo na oili. Hewa hiyo lazima ipate njia ya kutokea, na bomba lile ndilo pua ya injini. Huirudisha ikaunguzwe tena. Likizibwa, msukumo hujaa ndani, na oili hutafuta mahali palipo dhaifu itokee. Ungeweza kubadili gasketi kumi. Vijana wakalisafisha bomba na vali yake ndogo, wakawasha injini, na safari hii ile karatasi ilivutwa ndani kidogo. Mzee akatabasamu. Kama ingaliendelea kuvimba, alisema, ingekuwa pistoni na ringi zimekwisha, na hapo mfuko wangu ungelia.

Kisha akaniuliza, "Mwalimu, ulibadilisha oili lini?"

Nikasema, "Nilikuwa nikiongeza kila Jumamosi."

"Sikuuliza habari za kuongeza."

Nikanyamaza kama mtoto wa darasa la kwanza. Oili chafu iliyokaa muda mrefu ndiyo iliyofanya uji ule. Nilikuwa nikimimina safi juu ya chafu muda huo wote na kujiona mtu mwangalifu.

Kazi iliyobaki haikuwa kubwa. Ile kava ilikuwa imepinda kwa kukazwa mno, wakainyoosha. Gasketi mpya ikawekwa, silikoni kidogo pembeni tu, na bolti zikakazwa kidogo kidogo kuanzia katikati. Oili ikamwagwa, filta ikabadilishwa. Mzee akahakikisha kwa kidole kwamba ule mpira wa filta ya zamani haukubaki umenata kwenye injini, maana filta mpya ikifungwa juu ya mpira wa kale, oili yote yaweza kumwagika njiani. Akanionya kwamba harufu itaendelea siku mbili tatu mpaka mabaki juu ya ekzosi yaishe kuungua, nisije nikarudi mbio.

Jioni ile nilimweleza mke wangu yote, oili za Jumamosi na mchanga. Aliendelea kuchambua mboga. "Mchanga niliuona," akasema. "Ni nani afagiaye kiwanja hiki?"

Basi ikabaki ile saruji ya mzee wa kanisa. Jumamosi iliyofuata nilichukua brashi, ndoo na sabuni ya unga, nikaenda kwake. Alinikuta nimepiga magoti mbele ya nyumba yake nikisugua. Doa lilififia, halikutoka lote. Nilipomwambia ni langu, alishika kichwa.

"Ole wangu, Mwalimu," akasema. "Mimi nilidhani ni la mchungaji. Nimekwisha kumwambia mbele ya watu akatengeneze gari lake."

Tuliondoka pamoja kwa miguu kwenda nyumbani kwa mchungaji, mimi bado nimeshika ile brashi mkononi.