Puto la Kung'aa na Giza la Uwanjani

Mazungumzo na viongozi wa matawi ya mashabiki, wauza mapambo na watumiaji wengine



Tulipoombwa kuzungumza nanyi juu ya kukatika kwa umeme viwanjani, huenda wengi wenu mlitazamia habari za jenereta, mafuta na mikataba ya matengenezo. Hayo yana mahali pake. Sisi tumechagua kitu chepesi kuliko vyote mnavyoviona siku ya mchezo, nacho ni puto. Hatusemi puto la mpira tulilolizoea tangu utotoni, bali lile la kung'aa kama kioo, lenye umbo la moyo, la nyota, la tarakimu au la mpira wa miguu, ambalo wauzaji wengi huliita puto la foili.

Puto hilo hutengenezwa kwa utando wa plastiki uliopakwa tabaka jembamba mno la aluminiamu. Tabaka hilo ndilo linaloipa plastiki mng'ao wake, na ndilo linaloizuia gesi isivuje. Puto la mpira lililojazwa heli kwa kawaida huanza kushuka kabla ya siku moja kwisha, ilhali la kung'aa laweza kuelea siku kadhaa, hata kupita wiki. Sasa, aluminiamu ni metali, hata iwe nyembamba namna gani, na metali hupitisha umeme. Nyaya nyingi mnazoziona juu ya nguzo zetu zimetengenezwa kwa aluminiamu hiyo hiyo.

Nyaya za njia kubwa za mitaani hubeba volti 11,000 au 33,000, na nyingi ziko uchi, yaani hazikuvishwa plastiki kama waya wa pasi au wa feni. Kinachozitenga ni hewa iliyo kati yake na vikombe vya kauri au vya kioo vinavyozishikilia kwenye nguzo. Umbali kati ya waya na waya mara nyingi ni kama mita moja hivi. Puto moja lenye utepe wa metali, au kundi la maputo yaliyofungwa pamoja, likikatiza nafasi hiyo, umeme hupata njia ya mkato. Si lazima puto liguse nyaya zote mbili. Likikaribia vya kutosha, umeme huruka hewani. Hutokea mwako mkali wenye kishindo, na puto lenyewe huungua mara moja. Wakati huo huo vifaa vya kinga katika kituo cha kupoza umeme huhisi hitilafu na kuikata njia nzima.

Hapo watu wengi huuliza: kama puto limekwisha kuungua, mbona umeme haurudi palepale? Mara nyingine hurudi. Swichi nyingi za kinga hujaribu zenyewe kuurejesha umeme baada ya sekunde chache, na zikikuta hitilafu imeondoka, huuacha uendelee. Lakini mwako ule waweza kuwa umekata waya, umepasua kikombe au umeunguza fyuzi ya transfoma, na hapo hakuna swichi itakayosaidia. Hungojewa fundi, gari la ngazi na ukaguzi wa njia nguzo kwa nguzo.

Uwanja wa michezo una udhaifu wake wa pekee katika jambo hili. Viwanja vingi vilivyojengwa kabla ya taa za LED kuenea viliwekewa taa za metali halaidi. Taa hizo hutoa mwanga kwa mwako wa umeme unaopita katika gesi ndani ya chupa ndogo yenye joto kali. Umeme ukikatika hata kwa sekunde moja, mwako huo hufa, na chupa ikiwa bado ya moto taa haiwezi kuwashwa tena. Lazima ipoe kwanza, kisha ianze upya kupanda polepole hadi mwanga wake kamili. Shughuli hiyo huchukua dakika kumi, pengine ishirini. Ndiyo maana mashabiki hulalamika kwamba umeme umerudi, vibanda vya vinywaji vina mwanga, na bado mwamuzi amesimama na mpira mkononi. Jenereta nayo haiponyi tatizo hili, kwa kuwa hadi iwake na kushika mzigo taa zimekwisha kuzimika.

Tena si lazima puto liangukie njia inayoulisha uwanja. Hitilafu ikitokea katika njia ya jirani iliyotoka kituo kimoja, nguvu ya umeme hupungua katika njia zote kwa kitambo kama cha kufumba na kufumbua. Nyumbani mtaona balbu imepepesa tu, lakini kwa taa za metali halaidi upungufu huo waweza kutosha kuzizima. Kwa sababu hiyo, anayezima taa za uwanja huenda hajawahi kuukanyaga. Puto lake liliachwa katika sherehe ya harusi juzi, likanasa mtini, jioni upepo ukalinyanyua.

Kuna mfano mashuhuri wa muda ambao uwanja hupoteza, ingawa chanzo chake hakikuwa puto. Tarehe 3 Februari 2013, katika fainali ya kandanda ya Kimarekani mjini New Orleans, kifaa cha kuulinda mkondo wa umeme kiliukata, na karibu nusu ya uwanja wa Superdome ikaingia gizani. Mchezo ulisimama dakika 34. Nasi hapa wengi mtakumbuka Uwanja wa Benjamin Mkapa tarehe 30 Aprili 2023, Yanga ilipocheza na Rivers United katika robo fainali ya Kombe la Shirikisho, taa zilivyozimika na mchezo ukasimama. Tukio hilo hatulitaji kwa ajili ya chanzo chake, wala hatulihusishi na puto. Tunalitaja kwa sababu aliyekuwapo anajua giza hilo lina maana gani: maelfu ya watu jukwaani, watoto wameshikwa mikono, na kila mmoja anaitafuta ngazi kwa mwanga wa simu.

Mahali ambapo puto limeonekana wazi kuwa adui wa gridi ni jimbo la California nchini Marekani, ambako maputo haya huuzwa kwa wingi siku ya wapendanao na katika mahafali ya mwezi Mei na Juni. Mwaka 2017 kampuni moja tu ya umeme ya kusini mwa jimbo hilo, Southern California Edison, ilihesabu zaidi ya matukio 1,000 ya kukatika kwa umeme yaliyosababishwa na maputo ya kung'aa. Na hili halikuwa jambo geni kwao. Tangu mwaka 1990 sheria ya jimbo inamtaka muuzaji wa puto la metali lenye gesi nyepesi alifunge kitu kizito cha kulizuia lisiruke, inamkataza kulifunga kwa uzi unaopitisha umeme, inakataza kuyafunga maputo hayo pamoja katika kundi, na inataka onyo lichapishwe juu yake. Utaona kwamba miaka mingi baada ya sheria hiyo umeme uliendelea kukatika. Kwa maoni yetu sababu ni nyepesi: uzito hufungwa na muuzaji, lakini mkasi uko kwa mnunuzi.

Mwaka 2022 California ikapitisha sheria nyingine inayokwenda kwenye bidhaa yenyewe. Maputo ya foili yatakayouzwa humo yatapaswa hatua kwa hatua kuwa ya aina isiyosababisha hitilafu yakigusa nyaya, na safari hiyo imepangwa kukamilika mwaka 2031. Upimaji wake unafuata kiwango cha taasisi ya wahandisi ya IEEE, namba 2845, kinachohusu njia za usambazaji zisizozidi kilovolti 38. Nyaya zetu za kilovolti 11 na 33 zimo ndani ya mpaka huo. Kwa hiyo mwagizaji wa hapa nyumbani anaweza leo hii kumwuliza kiwanda kama puto lake limepimwa kwa kiwango hicho, bila kungoja sheria imlazimishe.

Kwetu, wauzaji wengi wa mitaani huyajaza maputo haya hewa ya kawaida na kuyafunga kwenye vijiti. Tunawapongeza. Puto la namna hiyo haliruki, na kwa mnunuzi ni nafuu, kwa kuwa heli ni ghali. (Heli hiyo hutumika kupozea mashine za picha za MRI hospitalini, nayo imegunduliwa katika bonde la Rukwa, kuiachia ipotee angani kwa ajili ya shamrashamra za nusu saa ni ubadhirifu ambao tungependa kuuzungumzia siku nyingine.) Jihadharini pia na muuzaji anayejaza gesi kwa bei ya kutupa. Katika baadhi ya nchi maputo hujazwa hidrojeni badala ya heli, na hidrojeni hulipuka ikikutana na moto wa sigara au mshumaa wa keki. Mna haki ya kuuliza ni gesi gani, na muuzaji asiyejua jibu msinunue kwake.

Kwa matawi ya mashabiki tuna ombi moja. Ile desturi ya kuachia maputo juu timu inapoingia uwanjani, au bao linapofungwa, iacheni. Bendera, skafu, vuvuzela na karatasi za rangi zinatosha kabisa kuutikisa uwanja. Mkitaka maputo, yawe ya hewa, yafungwe kwenye reli za jukwaa kwa uzi wa pamba, yatobolewe kabla ya kuondoka. Mwenye sherehe nyumbani naye alitoboe puto na kulitia katika pipa la taka asubuhi inayofuata, badala ya kuliacha barazani hadi upepo ulichukue.

Limebaki jambo ambalo tungelitaja hata kama lingekuwa la pekee. Puto likinasa kwenye waya, mtoto atalitaka. Atatafuta fito, atapanda ukuta, na kama kuna bomba la chuma karibu atalichukua kwa kuwa ni refu. Asiachwe. Hata mti mbichi au mti wenye maji hupitisha umeme wa volti nyingi kiasi hicho, na puto lililotulia juu ya waya bila kulipuka si ushahidi kwamba waya hauna umeme. Waondoeni watu chini ya njia hiyo, kisha pigeni simu ya dharura ya TANESCO, au ya ZECO kwa walio Zanzibar, mkitaja namba iliyoandikwa kwenye nguzo iliyo karibu. Waya ukiwa umekwisha kuanguka chini, kaeni mbali nao, walau mita kumi, na mzuieni yeyote asiuguse hata kwa kijiti hadi mafundi wafike.