Kitenzi Kwanza, Jina Baadaye: Njia ya Kazi kwa Kijana Aliyekwama

*Mada iliyowasilishwa katika semina ya vijana wahitimu, Tanga*



1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumze na ninyi mliomaliza masomo na sasa, mkiulizwa hali, mnajibu: "Nipo nipo tu." Baadhi yenu mnasubiri ajira. Wengine mmeipata, ila kila Jumapili jioni moyo unakuwa mzito kwa sababu kesho ni Jumatatu. Hali zote mbili nazijua.

Niseme mapema kwamba nafasi za kazi ni chache na wanaozitafuta ni wengi. Mtu akikaa mtaani miaka miwili baada ya chuo, haimaanishi kwamba ni mvivu. Mada hii haitaongeza nafasi hata moja. Ninachotaka kukigusa ni kifungo kingine: kutojua uende wapi hata ukipewa nafasi.

Hoja yangu ni moja: wengi tumekwama kwa sababu tulichagua jina la kazi kabla ya kukijua kitendo chake.

2. Jinsi tunavyokwama

Tangu darasa la kwanza tunaulizwa, "Ukiwa mkubwa unataka kuwa nani?" Tunajibu kwa majina. Tukifika kidato cha nne, tukiwa na miaka 16 au 17, tunajaza fomu ya kuchagua tahasusi. Anayejaza PCB (fizikia, kemia na baiolojia) anajiona daktari, na anayejaza HGL (historia, jiografia na lugha ya Kiingereza) anajiona mwanasheria. Hakuna anayetuambia kwamba mwanasheria hushinda siku nzima akisoma mikataba mstari kwa mstari, wala kwamba daktari hukesha wodini huku akiandika mafaili.

Hebu tuitazame lugha yetu wenyewe. Kiswahili hukitanguliza kitendo, kisha humpa mtu jina. Anayevua ni mvuvi, anayelima ni mkulima, anayesuka ni msusi, anayejenga ni mjenzi, anayefinyanga ni mfinyanzi. Ukilisikia jina, unajua mikono ya mtu huyo inafanya nini. Sasa tazameni majina tunayoyatamani zaidi: daktari, rubani, wakili, meneja, injinia. Hayo tumeyapokea kutoka lugha nyingine, na kitendo kimejificha. Mtoto anayesema anataka kuwa meneja hajasema bado atakuwa anafanya nini saa nne asubuhi.

3. Daftari la dagaa

Mimi nilisomea uhasibu. Baba aliuza ng'ombe wawili ili nimalize, na siku nilipopata ajira nyumbani walichinja kuku. Kazi yangu ilikuwa kuingiza hati za malipo kwenye kompyuta, asubuhi hadi jioni. Mwaka wa kwanza ulipoisha nilikuwa nimechoka bila kujua kilichonichosha. Nilidhani nimekosea fani.

Jumamosi moja, mama mmoja wa kikundi cha kuweka na kukopa, jirani yetu na muuza dagaa, alinijia na daftari. Lilikuwa la kurasa 96, ncha zimejikunja, lina harufu ya dagaa. Kila pesa aliiandika kwenye safu moja: mauzo, nauli, ada ya mtoto, deni la mteja. Alikuwa akimshuku binti anayemsaidia kuuza kwamba anamwibia.

Nilichukua rula nikapiga mistari miwili, zikapatikana safu tatu: kilichoingia, kilichotoka kwa ajili ya biashara, na kilichokwenda nyumbani. Tukapanga upya hesabu za wiki mbili. Alipoona jumla ya safu ya tatu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe mtaji nimeula mwenyewe, mwanangu. Yule binti nimemuonea." Akaondoka kwenda kumuomba radhi.

Usiku ule nilielewa. Uhasibu haukuwa na kosa. Kitenzi nilichokuwa nikikifanya ofisini ni *kuingiza*. Kitenzi kilichonipa uhai ni *kumfafanulia* mtu hesabu zake mpaka azione. Sikuacha kazi kesho yake. Nilianza kufundisha Jumamosi, kikundi kimoja, kisha viwili, na ilichukua miaka mitatu hadi mafunzo hayo yakawa ndiyo kazi yangu.

4. Waliotutangulia

Mkoa wetu huu una ushahidi wa hoja hii. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, aliajiriwa idara ya forodha mwaka 1926 na akaitumikia hadi 1944. Baadaye alifanya kazi katika ofisi nyingine za serikali. Kwa jina la ajira alikuwa karani, lakini kitenzi chake kilikuwa kuandika, na alikitunza pembeni ya ajira miaka yote hiyo. Mshahara ulimlisha, kalamu ikamjenga.

Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliwahi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge hapa Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora wanyama kwenye vibao vya bei nafuu, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kuchora. Alipoanza, aina ile ya uchoraji haikuwa na jina. Leo inaitwa Tingatinga, na wapo wanaosomesha watoto kwayo.

5. Mapendekezo

*Kwanza, andika vitenzi vyako.* Kwa wiki nne, kila usiku, andika mambo matatu: leo nimefanya nini, lipi lilinifanya nisahau saa, na kwa lipi mtu alinishukuru au alinilipa. Usiandike "nilikuwa dukani." Andika nilipanga, nilibembeleza mteja, nilitengeneza mizani. Mwisho wa mwezi tafuta kitenzi kinachojirudia.

*Pili, kaa jirani na kazi.* Nenda kwa fundi, mkulima au mwalimu umwambie, "Shikamoo, naomba nikae hapa siku mbili nione mnavyofanya." Muulize muda wake mwingi unaishia kwenye nini, kinachomchosha ni kipi, na fedha hukauka miezi gani. Hilo la mwisho wengi huliogopa, nalo ndilo litakalokuepusha na majuto.

*Tatu, jaribu kwa mipaka.* Jiwekee muda na kiasi cha fedha ambacho kikipotea utaendelea kula. Halmashauri zimetakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fursa nzuri, ila iendeeni mkiwa tayari mnakijua kitendo. Mkopo ukitangulia, kitakachobaki mkononi ni deni.

*Nne, tafuta cheti cha unachokiweza.* Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, linafundisha usindikaji na ufundi wa viwanda vidogo. Mwenye shahada asione haya kupiga hodi huko.

*Tano, zungumza na wazazi ukiwa na kitu mkononi.* Mzazi aliyeuza ng'ombe ana haki ya kuogopa. Ukimwambia "nafuata ndoto yangu," atasikia ng'ombe wake wanapotea. Mpelekee sabuni uliyoitengeneza, au mteja aliyekulipa. Mimi nilimpeleka baba kwenye kikundi Jumamosi moja. Alikaa nyuma, akasikiliza saa mbili, na njiani akasema tu, "Kwa hiyo ile ada haikupotea."

6. Hitimisho

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nadhani walimuona mtu kama sisi, amesimama dukani akilinganisha mipini huku mvua za masika zikipita. Mkono hujua jembe linaloufaa baada ya kulima kidogo.

Basi msiondoke hapa na jibu la "nataka kuwa nani." Usiku wa leo andikeni kitenzi kimoja tu mlichokifanya kwa moyo wote wiki hii, hata kama kilimsaidia jirani mmoja kuliona daftari lake. Kesho kifanyeni tena. Jina litakuja, na watakaowapa ni wale mliowafanyia kazi.