Mawe ya Kwanza ya Kanisa la Masasi

Tuwakumbuke wazee wetu katika imani. Mwaka 1876 Askofu Steere alitoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wakajenga kijiji Masasi. Hao waliouzwa kama bidhaa ndio mawe ya kwanza ya Kanisa letu. Mwaka 1882 Wangoni wakakichoma kijiji, na baadhi ya hao waliokwisha kukombolewa wakatekwa tena. Mwaka 1905, katika vita vya Maji Maji, misheni ikateketezwa mara ya pili. Walakini sala haikukoma. Na mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi. Basi, waalimu wenzetu, nyumba huungua, bali neno lililopandwa moyoni mwa mtoto haliungui. Tusichoke kulipanda.