Mishipa ya Damu na Akili ya Mzee
(Hotuba kwa wanachama, Mji wa Kale, Mombasa)



Mzee wetu akiuliza neno moja mara tatu, au akipotea njia ya Kibokoni aliyoizoea tangu utotoni, twasema, "Ni utu uzima huo," tukanyamaza. Leo twataka kusema kuwa si kila kusahau ni uzee. Mara nyingi ni mishipa ya damu.

Ubongo ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote. Hiyo huletwa na damu, kwa vijishipa vyembamba mno. Presha ikikaa juu miaka mingi, vijishipa hukakamaa na kuziba, mfano wa bomba kuukuu la nyumba: chini maji yatoka, ghorofani hayafiki. Sukari na tumbako huharibu vivyo hivyo. Sehemu isiyofikiwa na damu hufa kimya kimya, bila maumivu.

Jirani zetu wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walichunguzwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Katika taarifa za mwaka 2013, kati ya waliopotewa na akili, kiasi cha wawili katika kila watano ugonjwa wao ulitokana na mishipa. Hapa Kenya, uchunguzi wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kiasi cha mtu mzima mmoja katika wanne ana presha, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajapimwa kamwe.

Basi madhara huanza tungali kazini, tukibeba mizigo. Lakini yazuilika. Marekani, mwaka 2019, ilionekana kuwa walioshushwa presha zaidi kwa dawa walipungukiwa na akili wachache kuliko wenzao.

Kwa hiyo, ndugu, kila mmoja apimwe. Dawa isiachwe kwa kuwa umejisikia vizuri. Tupunguze chumvi ya ng'onda na achari, tuache sigara, tutembee. Mtu akipinda mdomo au kulegea mkono ghafla, apelekwe hospitali saa ile ile, asingojewe hadi kesho.

Na chama kidai kipimo cha presha kazini kila mwaka, kama tudaivyo mshahara. Nguvu za mikono twazitetea. Akili nayo ni mali ya mfanya kazi.