Kuku mgeni na kamba yake

Leo nazungumzia kuku wa mtu anayehama.

Kwenye visiwa vyetu vya wilaya ya Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kama Rongui na Vamizi, wavuvi huja dago, yaani kambi ya muda ya uvuvi, na kuondoka kwa majira. Wengine huja na familia, na penye familia hapakosi tetea wawili watatu na jogoo wao. Siku ya kuvunja dago, nyavu zimekunjwa, masufuria yamefungwa, mashua inangoja maji yajae, ndipo mtu anapogeuka nyuma ya kibanda: hawa je? Huishia kuuzwa kwa bei ya kutupa, au kusukumiwa jirani bila maelezo.

Aliyekimbia Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021 simwambii neno. Mtu anayeokoa watoto hana muda wa kufunga tenga. Ninayezungumza naye ni anayeijua siku yake ya kuondoka: mvuvi wa dago, mwalimu aliyehamishwa, mama anayemfuata mumewe mjini Pemba. Hata waliotolewa kijiji cha Quitupo kupelekwa Quitunda kupisha mradi wa gesi walipangiwa kuhama kwao. Mwenye siku zake mkononi anaweza kuwatafutia kuku wake mtu.

Mtu huyo asiwe yeyote tu aliye karibu. Awe na banda, awe na nia ya kufuga, na mpatane mbele ya shahidi. Uani mwetu maneno ni machache: nifugie, vifaranga tugawane nusu kwa nusu. Semeni pia nani atabeba hasara mwewe akipita. Kuku hawa mara nyingi ni akiba ya mwanamke. Ndio daftari la mtoto na dawa ya homa. Kwa hiyo mwanamume asiwagawe kwa rafiki zake huku mwenye kuku yuko kisimani.

Sasa jambo linaloniuma. Kideri, wengine huita mdondo, husafiri ndani ya tenga. Kuku anaweza kubeba ugonjwa siku kadhaa bila kuonyesha dalili, na anapoanza kuharisha kijani, kuhema kwa shida na kupinda shingo, banda la mwenyeji limekwisha kuambukizwa. Umempa ndugu zawadi, kumbe umemfilisi. Chanjo yake, I-2, ipo, na Msumbiji imetumika miaka mingi. Inahimili joto kuliko chanjo za zamani, ndiyo maana inafaa vijiji visivyo na umeme. Tone moja kwenye jicho moja, kisha kila baada ya miezi 4. Wachanje walio wazima angalau wiki mbili kabla ya safari, kwa sababu kinga haiji siku hiyo hiyo. Kama kuku wako wamekuwa wakifa, usimpe mtu hata mmoja.

Mama yangu alikuwa akihamisha kuku usiku. Hakuwakimbiza. Aliingia bandani bila taa, akapapasa, akaanza na jogoo, akamkumbatia kifuani mabawa yakiwa yamebanwa, akamlaza tengani juu ya majani makavu. Wengine walifuata bila kelele. Kuku gizani hutulia, na mashua ikiondoka alfajiri jua haliwakuti njiani. Chukueni kibuyu cha maji matamu kwa ajili yao. Maji ya bahari yatawaua. Tetea anayeatamia, kama safari inaweza kusubiri, mwacheni aangue kwanza.

Nawe unayepokea, usiwachanganye na wako siku ya kwanza. Watengee kona yao wiki mbili, chombo chao cha maji, na uwahudumie baada ya kuwahudumia wa nyumbani. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wengi huitumia methali hii kwa binadamu, lakini yenyewe ni maelekezo ya ufugaji: bila kamba, au mlango uliofungwa siku chache, atarudi kulitafuta banda lake la zamani, na kama lipo ng'ambo ya maji atapotea vichakani. Kamba iwe laini, ya kitambaa. Mshipi wa kuvulia hukata mguu.

Kisha, jioni ya kwanza, mtafute aliyekuachia na umwambie: wameingia ndani, wote watano, jogoo amelala juu.